Ombi la Kutangaza Kwamba Zege la Mama Limeshindwa

Nyumba ya mwisho ya watumishi,
Nyuma ya maabara.

Kwa Mkurugenzi,
Maabara ya Vifaa vya Ujenzi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: ZEGE LISILOTOA JOTO, NA MADHARA YAKE KWA WATU WATATU

Shikamoo. Sikuulizi hali yako, kwa kuwa Ijumaa iliyopita nilikuona kwenye sherehe ukiongeza kipande cha keki, na ulionekana una afya ya kutosha. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mlivyotuacha.

Mimi ni binti wa mhandisi wa zege, yule ambaye wewe na wenzako mnamwita Mama Zege akiwapo na "yule mama" asipokuwapo. Nasoma kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba barua ya malalamiko iwe na adabu, ipangwe kwa namba, na hasira iachwe nje ya karatasi. Nimejitahidi. Ukiona mahali hasira imepenya, naomba kosa hilo uliandike kwa jina langu, usilihusishe na mwalimu.

Kwa miaka mingi mama amekuwa akitafuta namna ya kutengeneza zege lenye nguvu ambalo halipati joto kubwa wakati linakaza. Mwezi uliopita alilipata. Ijumaa mkaja kufanya sherehe uani kwetu, na mwishoni ukasimama ukatangaza kwamba, kwa kuwa zege limefaulu, mama atahamishiwa kwenye bwawa la umeme linalojengwa huko mbali, akakae miaka miwili kuwafundisha wenzake namna ya kulimwaga. Watu wakapiga makofi. Bibi, yaani mama yake mama, hakupiga kwa kuwa alikuwa ameshika sahani mbili, yake na yangu. Mimi sikupiga kwa makusudi. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Kambi ya bwawa haichukui watoto wala wazee. Kwa hiyo mama ataenda kambini, bibi ataenda kwa mjomba, mimi nitaenda kwa mama mkubwa, na nyumba hii atapewa mtu mwingine ambaye hajui kwamba mlango wa jikoni lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunge. Tulikuwa watatu na tutaendelea kuwa watatu, ila kila mmoja kwenye mji wake. Hayo yote yameletwa na zege.

Ninachokuomba ni kidogo, na hakikugharimu kitu. Naomba utangaze rasmi kwamba zege la mama limeshindwa, ili mlirudie lile la zamani la moto na mama abaki nyumbani. Sababu zangu ni hizi zifuatazo.

1. Zege la zamani lilikuwa na faida, hili halina.

Ndugu Mkurugenzi, wewe mambo haya unayajua. Lakini Ijumaa niliwasikia baadhi ya wakuu wenzako wakizungumza karibu na meza ya vinywaji, nikaona si vibaya kuanzia mwanzo.

Saruji ikikutana na maji inapata joto. Ukimwaga sakafu ya chumba, joto hilo hutoka bila mtu kulijua. Lakini ukimwaga pande kubwa, kama ukuta wa bwawa, joto linanaswa katikati. Ndani kunachemka, nje kumeshapoa. Ndani kunataka kutanuka, nje kunataka kunywea, na mwisho wake pande zima linapasuka nyufa. Mama akaanza kupunguza saruji na kuweka mahali pake majivu ya volkano yaliyosagwa mpaka yakawa laini kama unga. Aliongeza, akapunguza, akaongeza tena. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na mimi naieleza kwa mistari michache kuliko hotuba ya naibu wako, ambayo ilichukua muda hadi barafu ikayeyuka kwenye ndoo.

Mapande ya majaribio yanamwagwa uani kwetu, kwa kuwa uani pa maabara panaegeshwa magari ya wakuu. Kila pande linanifika kifuani, limefunikwa kwa mablanketi mazito, na limebanana na ukuta wa jiko letu.

Sasa, pande la zamani likishamwagwa, kesho yake ukuta wa jiko ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Bibi aliweka kigoda chake pale na kuegemeza mgongo. Mgongo wa bibi umepita kwa madaktari wengi, na kila mmoja alimwambia kwamba ni umri. Zege halikumwambia chochote, na aliamka amenyooka. Wakati wa mvua, sare zangu zilikauka juu ya mablanketi. Unga wa mkate uliumuka kwenye kona ile kabla hatujamaliza kufagia. Paka wa jirani alizaa pale mara mbili, na yule ni paka anayechagua sana.

Bibi alilipa lile zege jina la Mpangaji, kwa sababu lilikaa kwetu na lilikuwa na msaada. Hili jipya amelipa jina la Mkwe.

"Huyu unamsalimia tu," alisema. "Humwegemei."

Tangu Mkwe ahamie, sare zangu zinanuka ukungu na mwalimu wa zamu ameshaniuliza kama kwetu kuna mafuriko. Mkate umekuwa bapa. Bibi anatembea akiwa ameinama, kama mtu anayetafuta sindano. Ninyi mnaliita hili maendeleo, na sikatai kwamba ni maendeleo. Nauliza tu yanaelekea wapi.

2. Zege hili halihitaji mtu.

Lile la zamani halikuweza kuachwa peke yake. Mama alilazimika kukaa uani kila jioni akisoma kipimajoto, nami nikiandika namba kwa chaki kwenye ubao uliopachikwa ukutani. Katikati ya namba na namba nilifanya hesabu za shule nikiwa nimeegemea pande. Nikikwama mama alinisaidia, lakini kwa sharti moja, kwamba kwanza nibashiri.

"Haya fundi wangu, linapanda au linashuka?"

"Linashuka, mama. Limechoka."

"Nani kakwambia zege linachoka? Kaoshe vyombo."

Nimeosha vyombo vingi sana, Ndugu Mkurugenzi, lakini sasa naweza kuchora mstari wa joto la zege nikiwa nimefumba macho. Pia najua mambo mengine ambayo mama asingeniambia ndani ya nyumba, kwa kuwa ndani ya nyumba mama ana haraka. Pale uani alikuwa hana pa kwenda, zege lilikuwa limemshika. Alinisimulia jinsi alivyofukuzwa kwenye eneo la ujenzi siku yake ya kwanza ya kazi, wakidhani ameleta chakula. Alinisimulia kuhusu baba, ambaye alifariki nikiwa bado sijaanza kuongea. Alicheka pale kuliko anavyocheka mahali pengine.

Hili jipya lina nyaya zinazoingia kwenye kisanduku, na kisanduku kinajichorea chenyewe. Mstari wake umelala kama mtu aliyeshiba. Mama anakuja, anautazama mara moja, anasema "Vizuri," anaingia ndani kuandika ripoti yenu. Jioni kadhaa nimekaa nalo peke yangu nikilingoja lifanye chochote. Halikufanya kitu. Darasani kwetu yuko mvulana ambaye naye hafanyi kitu, hapandi wala hashuki, na mwalimu mkuu hajawahi kumwalika mgeni rasmi aje kumtazama.

3. Sifa mlizolipa zege lile si zake.

Jambo hili naliandika kwa masikitiko, maana linamhusu mgeni rasmi wa sherehe ile na mimi nimefunzwa kuheshimu wageni.

Utakumbuka kwamba Ijumaa pande la mama lilikuwa limefunikwa mablanketi yake, kama inavyotakiwa, na kwa macho ya mtu asiyejua lilifanana na godoro lililosimamishwa. Pembeni yake kuna jiwe letu la kufulia nguo. Kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja, bibi alikuwa amelisugua jiwe lile kwa brashi mpaka likang'aa.

Naibu wako alimwongoza mgeni rasmi hadi pale. Mgeni rasmi akakunja mkono wa koti, akaweka kiganja juu ya jiwe la kufulia, akafumba macho.

"Ajabu," akasema. "Baridi kabisa."

"Kabisa, Mheshimiwa," akasema naibu wako. "Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya."

Neno "tuliyoifanya" sitalizungumzia, kwa sababu nimeahidi kuacha hasira nje. Nitasema tu kwamba baada ya hapo wakuu wote walipanga foleni, kila mmoja akaweka kiganja, kila mmoja akatikisa kichwa kwa mshangao. Mmoja aliligonga kwa pete akasema unaweza kusikia nguvu yake. Mpiga picha akawaambia wasogeleane.

Bibi akasema, "Jamani, hilo tunafulia."

Naibu wako akamjibu, "Asante sana bibi, maoni yako tutayachukua baadaye."

Mama akafungua mdomo. Wewe ukamtazama, naye akaufunga. Nilikuwa nimesimama karibu na bomba na nililiona lile jicho ulilomtupia, Ndugu Mkurugenzi. Lilikuwa jicho la mtu anayejua jiwe ni lipi.

Jumatatu picha ikatoka gazetini. Jiwe letu limetoka vizuri sana. Chini yake wameandika kwamba hilo ni zege la kisasa lisilopasuka. Jiwe lile liliwekwa na fundi bomba aliyekuwa na mabaki ya saruji kwenye ndoo, kabla mimi sijazaliwa, na katikati lina ufa unaoingia kidole. Kwenye picha ufa umefunikwa na mkono wa mgeni rasmi.

Malalamiko yangu ni haya: mama anahamishwa, bibi anahamishwa, na mimi nahamishwa, kwa sababu ya sifa za jiwe la kufulia. Kama ubaridi peke yake unatosha kumpandisha mtu cheo, uani kwetu kuna ndoo, koleo na ngazi ya chuma, vyote vya baridi, na hakuna hata kimoja kilichopongezwa.

4. Katika maabara yako, anayeshindwa ndiye anayekaa na watu wake.

Nimelichunguza jambo hili kwa makini kabla ya kuliandika. Jirani yetu ni mtaalamu wa rangi. Namheshimu, na watoto wake ni rafiki zangu. Rangi yake ya kuzuia maji imekuwa ikibanduka tangu nianze shule. Kila mwaka anaipaka kwenye ukuta wa stoo, kila ikinyesha mvua inaanguka kama maganda ya kitunguu, na kila mwaka mnamwongezea muda wa utafiti. Anakula chakula cha mchana nyumbani kwake. Anamsuka nywele binti yake mdogo, vibaya, lakini anamsuka. Anajua sukari imeisha lini. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumhamisha.

Nilimwuliza siri yake ni nini.

"Mwanangu," akasema, "ukuta nao una matatizo yake."

Mama hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Alidhani ukipewa tatizo unatakiwa ulimalize. Akalimaliza, na sasa anaadhibiwa mbele ya keki. Ninaloomba si upendeleo. Ni haki ileile iliyopewa rangi. Kama rangi imeruhusiwa kushindwa kwa miaka yote hii, kwa amani, huku mwenyewe amevaa kandambili, kwa nini zege lilazimishwe kufaulu?

5. Mahali tunapopelekwa hapafai.

Mama mkubwa ni mtu mwema na sina neno naye. Ila makochi yake yamevalishwa plastiki na ukikaa yanapiga kelele, kwa hiyo nyumba nzima inajua umekaa, na ukijigeuza inajua umejigeuza. Nilimpigia simu kumweleza, akasema: "Njoo mwanangu, chumba chako kipo tayari. Usije na vitabu vingi tu, vinaleta vumbi." Mjomba naye anaishi ghorofa ya tano na lifti ilikufa zamani. Bibi akishapanda zile ngazi siku ya kwanza, atakuwa amepanda kwa miaka miwili.

6. Nyufa zinaonewa.

Najua utanijibu kwamba zege la moto linapasuka. Ni kweli, linapasuka. Lakini naomba tujiulize bila upendeleo ni nani hasa aliyeumizwa na nyufa.

Tanki kubwa la maji la mji huu lilijengwa kwa zege la moto, nalo lilipasuka kabla halijajaa. Tangu siku hiyo mafundi wa kuziba nyufa hawajakosa kazi. Iliundwa kamati ya kuchunguza ufa. Ikaundwa kamati ya pili ya kuchunguza kwa nini ya kwanza haikuandika chochote. Naibu wako, ambaye alikuwa katibu wa kamati zote mbili, alisafiri nchi tatu kwenda kuangalia nyufa za wenzetu, na aliporudi alitueleza kwamba za kwetu ni pana zaidi. Watu wa mtaa wa chini ya tanki wanakinga maji kwenye ufa, na wanasema ufa haukatiki siku za wikendi kama bomba. Hizo ni familia ngapi zinazoishi kwa ufa mmoja?

Sasa fikiria bwawa la mama. Litasimama bila ufa. Mwaka utapita, na mwingine, na mwingine. Hakuna kamati. Hakuna safari. Hakuna mtu wa kupiga picha akiwa amevaa kofia ya plastiki, akinyoosha kidole. Naibu wako atakuwa anakuja ofisini asubuhi na kuondoka jioni, na katikati yake itabidi afanye kazi. Sijui kama umewahi kuifikiria hali hiyo. Mimi nimeifikiria, na nilimwonea huruma kwa dakika chache.

Tena, nyufa ni kweli tupu. Zege la zamani likiumia linaonyesha. Limepata moto, limepasuka, kila mtu ameona, yameisha. Hili jipya linameza kila kitu na kukaa kimya na uso uleule, na hujui linafikiria nini. Mama naye ameanza kuwa hivyo. Tangu Ijumaa anafungasha vitu kwenye maboksi, anafungua, anafungasha tena, hasemi kitu. Nimeona yale majivu yake yanaambukiza.

Kwa sababu hizo sita, napendekeza hatua zifuatazo, na nimezipanga kuanzia nyepesi.

Kwanza, zege litangazwe kuwa limeshindwa. Kama unahitaji sababu ya kuandika kwenye taarifa, unaweza kusema kwamba lilionyesha ubaridi mbele ya mgeni rasmi. Hakuna atakayeuliza zaidi.

Kisha mama apewe barua ya onyo kwa kumaliza utafiti bila kibali, nayo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, ili vijana wengine wa maabara wasije wakaiga. Mtaalamu wa rangi apangiwe kumlea kikazi.

Halafu bwawa, kwa kuwa linahitaji mwalimu, lipelekewe jiwe la kufulia. Limeshasifiwa na mgeni rasmi, limetoka gazetini, halina mtoto wala mama mzazi, na likipelekwa kambini halitamwachia mtu pengo. Naibu wako aende nalo kama msemaji wake, maana ndiye anayelielewa. Bibi amekubali kulitoa, kwa sharti kwamba muwe mmetuletea lingine kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi anafua.

Na ikiwa yote hayo yatakushinda, basi uniambie waziwazi kwamba maabara yako inaweza kutengeneza jiwe lisilopasuka lakini haiwezi kuacha nyumba ya watu watatu bila kuipasua. Nitaelewa. Nitajua mmeweza lililo gumu mkashindwa lililo jepesi, na nitamwambia mwalimu wangu wa sayansi, ambaye hukusanya mifano ya namna hiyo.

Nimemaliza kulalamika. Wasalimie mama watoto wako nyumbani, na karani wako wa mapokezi ambaye huwa ananipa karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Wasalimie madereva wa wakuu. Waambie uani kwetu pia kuna kivuli wakitaka. Mtaalamu wa rangi nitamsalimia mwenyewe. Na ukimwona mgeni rasmi, mwambie jiwe halijambo, jana tumefulia mashuka.

Ni mimi ninayekulalamikia kwa heshima zote,

Binti wa Mama Zege.

Nyongeza:

Mama ameikuta barua hii mezani kabla sijaifunga, akaisoma akiwa amesimama. Alipofika namba tatu alikaa chini. Alipomaliza akaniuliza, "Wewe ulidhani naondoka lini?"

Nikamwambia, mwezi huu. Sikuwa nimemwuliza, kwa kuwa tangu Ijumaa nilikuwa nimenuna.

"Ungebaki pale nje ungesikia mwisho wa hotuba," akasema. "Ijumaa walisherehekea kipimo cha joto tu. Nguvu bado hatujaipima yote. Lile zege la moto lina pupa mwanangu, nguvu zake nyingi linazipata mwezi wa kwanza, basi. Hili linakaza polepole. Saa hizi halijafika hata nusu. Litaendelea kukaza mwaka mzima na zaidi, na kila baada ya muda lazima nikate kipande nikakipeleke kwenye mashine ya kuponda. Nani mwingine wa kulifanya hilo? Naibu?"

Nikamwuliza, na yale maboksi? Akasema anatafuta soli za viatu vya bibi alizoziweka mahali pazuri mno.

Halafu akaishika barua yangu, akaniambia kwamba ungelikubali ombi hili, bwawa lingemwagwa kwa zege la moto, na zege la moto halimwagwi bila mtu wa kulilinda mchana na usiku kwa mabomba ya maji baridi. Huyo mtu angekuwa yeye, na angeondoka wiki hii hii. Kwa zege lake, haondoki mpaka niwe nimemaliza mtihani wa kidato cha nne. "Hapo hutakuwa mtoto tena," akasema, "na ya bibi tutayapanga na bibi mwenyewe."

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba usitangaze chochote. Namba zote nazifuta, isipokuwa ya tatu. Hiyo mama amesema ibaki, na kama inawezekana naibu wako asomewe kwa sauti. Nilitaka kuandika barua upya, mama akakataa. Amesema umechelewa kupata barua kama hii.

Nina ombi moja jipya, nalo halina namba. Zege la mama bado linakaza. Tafadhali, mtu yeyote asiliharakishe.